Treni ya mezani ya Voi? Jengeni ya Taveta

Wasee wangu wawili hapa Voi wanapanga kujenga reli ya mezani, na ubishi wao ni mtamu kweli. Mmoja anataka SGR. Hoja yake si mbaya: ukipunguza mara 87, kipimo ambacho wengi hutumia, reli ya upana wa milimita 1,435 inakuwa 16.5, na vipande hivyo vinauzwa tayari. Reli yetu ya zamani, ya mita moja, inatoka kama 11.5. Hiyo ni ya kutafuta.

Basi itafutwe! SGR ni ya juzi, 2017, na haikosi wa kuipiga picha. Ya Taveta je? Wajerumani waliishika Taveta Agosti 1914. Mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka Voi kuwafuata, nyika kavu, maji yenyewe shida. Wakafika Maktau. Februari 1916 walichapwa Salaita, Machi wakaichukua Taveta, na mwaka huohuo reli ikaungana na ile ya Wajerumani ya kutoka Tanga. Zote mbili zilikuwa za mita moja, zikashikana.

“Sasa kilomita mia na zaidi utaziweka wapi, buda?” Swali zuri. Hata ukipunguza mara 87, bado inapita kilomita moja. Kata tu: Voi, Maktau, Taveta, meza tatu. Ila Maktau msisahau makaburi ya askari Wahindi. Yako pale mpaka leo.