Yaliyoachwa Nje ya Wasifu wa Bibi

Bibi yangu mzaa baba alipofariki, wenzangu walipangiwa kupasua kuni na kuchota maji. Mimi baba mkubwa alinipa daftari. "Wewe ndiye mwandishi wa habari, tuandikie wasifu wa marehemu. Ukurasa mmoja tu, mchungaji ana ibada nyingine jioni."

Kama umewahi kuzika huku kwetu Tanzania, wasifu unaujua. Marehemu alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, akajaliwa watoto 9, wajukuu 34 na vitukuu, akaanza kuumwa, akapelekwa hospitali, mauti yakamfika. Nadhani hakuna maandishi ya historia yanayosomwa kwa sauti nchini kuliko haya, na sijawahi kuona mtu akiyahakiki.

Nilikwama kwenye mstari wa kwanza. Cheti cha ubatizo kiliandikwa Bibi akiwa msichana mkubwa tu, anachunga mbuzi, na mwaka wa kuzaliwa ulikadiriwa. Yeye alihesabu kwa matukio. Alikuwa kwenye mafundisho ya ubatizo, alisema, wamisionari wa Kijerumani walipochukuliwa. Basi ni Vita Kuu ya Pili. Wamisionari wa Betheli walifika Usambara mwaka 1891, wakaanzisha kituo Mlalo na kukiita Hohenfriedeberg; vita ilipokuja, Waingereza wakawaweka Wajerumani kizuizini, na kazi nyingi za sharika zikabaki kwa wachungaji na wainjilisti wenyeji. Vitabuni huo ni mwanzo wa kanisa kujitegemea. Bibi alikumbuka kwamba wazungu waliondoka na kengele ikaendelea kulia saa ileile.

Halafu kuna matuta. Wasifu hauna nafasi ya matuta, lakini ukikaa na wazee wa kule milimani, hadithi inarudi hapo hapo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ukapanuliwa sehemu nyingine za Usambara. Watu walilazimishwa kuchimba matuta kwenye mashamba ya mteremko, na asiyechimba aliadhibiwa. Udongo ulikuwa unaondoka kweli, sibishi. Ila kwenye makaratasi ya serikali mkulima alikuwa mwanamume, na shambani mwenye jembe alikuwa mwanamke, kwa sababu wanaume wengi walikuwa wameshuka kwenye mashamba ya mkonge. Babu alikuwa Korogwe huko. Bibi alichimba akiwa na mtoto mgongoni, binti yake wa kwanza, ambaye sisi ni shangazi yetu. Alituonyesha kwa mkono kimo cha tuta alilotakiwa kuinua, na kila alipoonyesha aliishia kushika kiuno.

Watu waliukataa mpango ule, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ukafa. Steven Feierman, katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, anaonyesha jinsi Washambaa walivyoujadili kwa maneno yao ya siku nyingi: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Nilikisoma chuoni, nikakipigia mistari kabisa, bila kufikiri kwamba mmoja wa watu wa habari zile alikuwa akinitumia mapeasi kwa basi kila msimu.

Sasa nifike kwenye kilicholeta ubishi pale msibani. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT. Miaka michache baadaye shangazi aliolewa na kijana Mwislamu wa Mombo, akasilimu. Wilaya ya Lushoto ina Waislamu wengi, ukoo usio na pande mbili si rahisi kuupata. Babu na Bibi wakapokea mahari. Usharika ukawatenga wote wawili.

Babu alitubu baada ya miezi michache. Alisimama mbele ya watu, akarudishwa kundini. Bibi alikataa. Atubu nini? Mahari imeshaliwa, na mtoto si mzoga wa kutupwa porini. Kwa miaka saba alikwenda kanisani kila Jumapili, akakaa benchi la nyuma, na wenzake walipoinuka kwenda mezani kwa Bwana yeye alibaki ameketi na Mwimbieni Bwana yake mapajani. Mwishowe alikuja mchungaji mwingine, akamrudisha bila kumsimamisha mbele ya mtu. Hakuwahi kuongea vibaya juu ya kanisa. Hakuwahi pia kusema kwamba alikosea.

Usiku wa kuamkia maziko tulifungua sanduku lake la bati. Chini ya khanga kulikuwa na stakabadhi za sadaka zilizofungwa kwa uzi, mwaka kwa mwaka. Nilitafuta ile miaka saba. Yote ipo: senti za ahadi, debe la mahindi la mavuno, kuku. Alitengwa mezani, kwenye sadaka hakutengwa. Mimi hilo liliniuma kuliko lile benchi, na bado linaniuma.

Nikataka kuliandika. Baba mkubwa akasema, "Mwanangu, hayo yalishasamehewa, usiyafukue mbele ya mchungaji." Nikamuuliza nani alimsamehe nani. Akanyamaza, akaagiza chai. Mwisho niliandika "mshiriki mwaminifu", maneno ambayo huandikiwa kila mtu, safari hii kwa mtu ambaye nina ushahidi wake kwenye sanduku.

Ilibaki orodha ya watoto. Baba mkubwa alitaka shangazi aandikwe kwa jina la ubatizo peke yake, jina ambalo hajaitwa kwa zaidi ya miaka 50. Mtoto wa shangazi ndiye aliyechinja ng'ombe wa msiba, ili watu wote wale. Niliandika majina yote mawili, na hakuna aliyeniomba nisome kabla.

Niliyasoma yote kanisani. Shangazi alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango, kwa sababu ya miguu. Spika za kanisa letu hazifiki vizuri kule. Tulipokuwa tunatoka kwenda makaburini alinishika mkono, akaniuliza kama nilimtaja na yeye.