Kidole na Kinanda: Jinsi Mtambo Ulivyofundishwa Kuutambua Mkono

Somo letu la leo ni habari za kinanda. Hatutasema juu ya nyimbo zake, bali juu ya jambo moja dogo ambalo mafundi wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 300. Jambo lenyewe ni hili: mtu akibonyeza kibao cha kinanda kwa nguvu, chombo kitajuaje kwamba amebonyeza kwa nguvu?

Kwa mpiga ngoma hilo si swali. Akiigusa ngozi taratibu, ngoma hunong'ona. Akiipiga kwa kiganja chote, mtaa wa pili husikia. Mkono na sauti vimegusana. Lakini katika kinanda, kati ya kidole na sauti pana mtambo, nao hupitisha yale tu ambayo fundi ameupa njia ya kuyapitisha.

Mtazameni mtu apigaye kinanda kikubwa cha kanisani, kile chenye mabomba. Kidole chake hufungua mlango mdogo wa upepo, basi. Abonyeze kwa hasira au kwa upole, mlango ni ule ule na upepo ni ule ule. Huko Ulaya kilikuwapo pia kinanda cha nyuzi kiitwacho hapsikodi. Humo kila kibao kilinyanyua kijiti chenye ncha ya unyoya, nayo ncha ikakwaruza uzi. Sauti yake ilikuwa tamu, lakini nguvu ya kidole haikuleta tofauti kubwa.

Mtu aliyelitatua jambo hili alikuwa fundi wa Kiitalia, Bartolomeo Cristofori, aliyefanya kazi katika mji wa Florence kwa mwana wa mtawala wa huko. Katika orodha ya vyombo iliyoandikwa mwaka 1700, chombo chake kipya kimetajwa kuwa ni kinanda kitoacho sauti ya chini na sauti ya juu. Kwa Kiitalia maneno hayo ni piano na forte, na ndiyo asili ya jina tunalolitumia hata leo. Cristofori aliuacha unyoya akaweka nyundo ndogo. Kidole huirusha nyundo, nyundo hupiga uzi, kisha huanguka nyuma ili uzi ulie bila kuzuiwa. Hapa pana siri inayofaa kukumbukwa: sauti haikuzwi na uzito wa kidole, bali na mwendo wa nyundo. Kibao kikishuka kwa kasi, nyundo huruka kwa kasi. Vinanda vyake vitatu vingaliko, vyote vya miaka ya 1720. Kimoja kimo katika jumba la makumbusho mjini New York.

Mtu angedhani jambo limekwisha. La. Karne ya 20 ilipoleta vinanda vya umeme, swali lile lile lilirudi.

Mwaka 1964, Mmarekani Robert Moog alionyesha mjini New York mtambo wa kutengenezea sauti kwa umeme, uitwao sintesaiza. Haukuwa chombo kimoja, bali visanduku vingi vilivyounganishwa kwa waya, na mpigaji mwenyewe huchagua waya upi uende wapi. Kisanduku kimoja huzaa sauti, cha pili huichuja, cha tatu huikuza au kuipunguza. Vyote huamrishwa kwa nguvu ya umeme ipimwayo kwa volti. Kinanda cha mtambo huo kilitoa habari mbili: kibao gani kimebonyezwa, na kama kingali kimeshikwa. Habari ya tatu, yaani kimebonyezwa namna gani, haikuwamo. Kwa upande huo, mtambo mpya kabisa ulikuwa umerudi kwenye zama za hapsikodi.

Si kwamba hakuna aliyekuwa amelifikiria. Mkanada Hugh Le Caine alikuwa ametengeneza, kati ya 1945 na 1948, kinanda cha umeme ambacho vibao vyake vilihisi mgandamizo wa kidole. Naye Wendy Carlos, aliyetoa mwaka 1968 sahani ya muziki wa Bach uliopigwa kwa mtambo wa Moog, alimshawishi Moog atengeneze kinanda kinachohisi mguso. Mimi naona hapo ndipo funzo lilipo. Fundi alijua umeme, lakini mpigaji ndiye aliyejua ni kitu gani kilichopotea.

Sasa, kasi ya kidole hupimwaje? Njia iliyoenea ni hii. Chini ya kila kibao huwekwa vigusio viwili. Kibao kikishuka hugusa cha kwanza, kisha cha pili, na mtambo huhesabu muda uliopita kati yao. Muda mfupi maana yake ni pigo la nguvu. Muda mrefu ni pigo la upole. Muda wenyewe huhesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde.

Lakini muda si sauti. Lazima mtu aamue muda fulani uwe na thamani gani, na hapo ndipo wapigaji hugombana na vyombo vyao. Mwenye vidole vyepesi hupiga kwa moyo wote, na kinanda kikamjibu kwa kunong'ona. Mwenye vidole vizito hata akibembeleza, chombo hupiga kelele. Wote wawili husema kinanda ni kibovu, kumbe hakijarekebishwa tu.

Mwaka 1983 makampuni ya Marekani na Japani yalipatana juu ya lugha moja ya vinanda vya umeme, iitwayo MIDI. Ndani yake nguvu ya pigo huandikwa kwa namba, kuanzia 1 hadi 127. Sifuri maana yake ni kwamba kibao kimeachwa. Mtu akiunganisha kinanda cha namna hiyo na mtambo wa visanduku, kisanduku kimoja hugeuza namba kuwa volti. Tuseme pigo kubwa kabisa hutoa volti 5, na pigo dogo kabisa hukaribia 0. Volti hizo zikiingia moja kwa moja katika kisanduku cha kukuza sauti, mapigo ya upole hayatasikika kabisa.

Dawa yake ni hesabu nyepesi. Kwanza volti hupitishwa katika kifungo cha kupunguza, kama kile unachozungusha katika redio yako. Tukikiweka nusu, 5 inakuwa 2.5. Kisha tunaongeza volti 1.5 isiyobadilika. Sasa pigo dogo lina 1.5 na pigo kubwa lina 4. Mnyonge anasikika, na mwenye nguvu hapasui masikio. Sehemu ya volti zile hupelekwa pia kwenye chujio, kwa sababu ngoma ikipigwa sana haizidi kwa ukubwa wa sauti tu, bali sauti huwa kali zaidi. Wengi husahau waya huo wa pili, kisha wakashangaa kwa nini chombo chao kinasikika kama redio inayopandishwa na kushushwa.

Andikeni swali hili katika madaftari yenu. Kinanda hutoa volti 0 hadi 5. Mpigaji ana vidole vyepesi, na pigo lake kubwa hufika volti 3 tu. Anataka pigo hilo litoe volti 4, na pigo lake dogo kabisa, lililo karibu na 0, litoe volti 1. Je, azidishe kwa ngapi, na aongeze ngapi?