KUTOKA KIGAE HADI KARAI

Katika miaka hii kumi akina mama wengi hapa Lingeka wameanza biashara kwa chombo kimoja tu: karai la kukaangia. Mwenzetu mmoja alinunua karai jembamba kwa mkopo wake wa kwanza. Likatoboka kabla hajamaliza marejesho. Kwa hiyo tujikumbushe chombo hiki kimetoka wapi.

Bibi zetu Usukumani walichemsha zaidi kuliko kukaanga. Ugali na matobolwa vilipikwa chunguni. Karanga zilikaangwa kwenye kigae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika. Chuma kilikuwepo: Warongo, wahunzi wa upande wa Geita, walifua majembe yaliyotumika hata kulipa mahari. Lakini chuma hicho kilikuwa cha shamba, si cha jikoni.

Pamba ndiyo iliyobadili mambo. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa Kanda ya Ziwa viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya marehemu Paul Bomani. Pamba ilileta fedha mkononi, na mbegu zake zikatoa mafuta ya kula. Karai nalo lilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi. Hata jina lake ni la kwao.

Miaka ya mwanzo ya 1980 bidhaa ziliadimika madukani. Sufuria ikitoboka, ulikwenda kwa fundi akaziba. Mafundi wetu huyeyusha pia skrepa ya alumini kwa mkaa na kuimimina kwenye kalibu ya mchanga. Wanaweza kwa sababu alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu. Chuma hudai zaidi ya 1,500.

Hapo tuwe macho. Sufuria za skrepa zilizopimwa nchini Kameruni, matokeo yakatolewa mwaka 2014, zilikutwa zikitoa madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto. Muulize fundi anayeyusha nini. Na usilaze ndimu wala nyanya ndani ya chombo cha namna hiyo.

Karai zito la chuma hutunza moto, maandazi yakaiva sawasawa. Likaushe, lipake mafuta, lisishike kutu. Ni ghali siku ya kwanza, ila binti yako atalirithi. Basi mama, ukija kukopa, usione aibu kuomba mkopo unaotosha karai zito. Rahisi ni ghali.