Atumia wa Ukambani

Katika Kitui na Makueni, mutumia, kwa wingi atumia, ni mzee wa kiume mwenye mji wake, ingawa kwa Wakikuyu, majirani wa Wakamba, neno hilohilo humtaja mwanamke aliyeolewa. Hadhi hiyo haikuletwa na mvi pekee, kwani mwanamume alipitia kwanza rika la anake, yaani vijana, kisha nthele, yaani waliooa na kupata watoto. Kwa kuwa Wakamba hawakuwa na mfalme, kesi za mifugo, ardhi na hata za damu ziliamuliwa na nzama, baraza la atumia. Waingereza walipoteua machifu, walimkabidhi mtu mmoja mamlaka yaliyokuwa ya wengi, na hilo lilikuwa kosa kubwa.