Ugonjwa sugu wa figo na uwezo wa kufikiri
Ugonjwa sugu wa figo huathiri pia ubongo. Mara nyingi mgonjwa hupungukiwa kwanza na wepesi wa kupanga mambo: anaelezwa dawa za asubuhi na za jioni, anaitikia, kisha akifika nyumbani anazichanganya. Utafiti wa Minnesota, Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, uliwapima wagonjwa 338 wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine, wenye miaka 55 na zaidi. Asilimia 37 walikuwa na upungufu mkubwa wa kufikiri na kukumbuka, ilhali faili za matibabu zilizoutaja hazikufika asilimia 3. Hapo ndipo penye hatari, maana anayesahau huhesabiwa mkaidi.

Yupo atakayesema chanzo ni uzee, kisukari au shinikizo la damu. Ni kweli vinachangia, kwani mishipa midogo ya figo na ya ubongo huharibika kwa namna moja. Lakini havitoshi kueleza kwa nini kumbukumbu ya wagonjwa wengi huimarika baada ya kupandikizwa figo, na umri wao haukupungua. Sumu zinazobaki mwilini, upungufu wa damu, na presha inayoshuka ghafla mgonjwa akiwa kwenye mashine vina sehemu yao. Kwa hiyo kliniki ya figo ipime na kumbukumbu, na maelekezo ya dawa apewe pia ndugu anayemuuguza.