Mjomba Alisema Ngoja

"Mjomba, shikamoo. Ile kadi umeshaichukua?"

"Marahaba. Bado. Ngoja kwanza, huku bei zinacheza."

Ilikuwa mwisho wa Juni 2008. Mimi nilikuwa Kariakoo, kwenye chumba nilichounganishia kompyuta za watu wanaohariri video za harusi. Mjomba alikuwa Bur Dubai, pale Mtaa wa Khalid bin Al Waleed ambako maduka ya kompyuta yamebanana. Mteja wangu alitaka kadi ya grafiki ya GeForce GTX 260, bei iliyotangazwa dola 399, na pesa alishaniachia. Nilikasirika. Kukaa na pesa ya mtu bila mzigo ni aibu kwa mwenye duka, hasa mteja mwenyewe anapopita kila jioni kuchungulia.

Desturi ya kusubiri kadi za grafiki ilikuwa na umri wa miaka kama kumi wakati huo. Ililetwa na Nvidia, watengenezaji wa GeForce, ambao mwishoni mwa miaka ya 1990 walijiwekea mwendo wa kutoa kitu kipya kila miezi sita hivi: Riva TNT mwaka 1998, TNT2 mwanzoni mwa 1999, na kabla mwaka huo haujaisha, GeForce 256. Wenzao wa 3dfx, ambao Voodoo yao ya 1996 ndiyo iliyokuwa ikitamba kwenye gemu, hawakuuweza mwendo huo. Voodoo5 ilichelewa hadi 2000, na Desemba ya mwaka huohuo Nvidia wakakubaliana kununua mali zao. Mnunuzi naye akajifunza kwa maumivu kwamba kadi ya Pasaka inakuwa ya zamani kabla ya Krismasi. Ndipo watu walipoanza kuulizana "mpya inatoka lini?" kabla ya kuuliza bei.

Lakini swali hilo peke yake halitoshi, na 2008 ndiyo iliyonifungua macho. Nvidia walizindua GTX 280 kwa dola 649, na mdogo wake GTX 260 kwa zile 399. Ndani ya siku chache washindani wao AMD, waliokuwa wameinunua kampuni ya ATI mwaka 2006, wakaleta Radeon HD 4870 kwa dola 299. Kadi hiyo ilikwenda bega kwa bega na GTX 260 kwa pungufu ya dola mia. Julai Nvidia wakasalimu amri: GTX 280 ikashuka hadi 499, GTX 260 hadi 299. Mjomba akanunua siku hiyo. Kwa dola mia iliyobaki, mteja alipata pawa saplai nzuri na hadi diski ya pili.

Baadaye niliifungua 4870 ya mteja mwingine. Nilifuta pesti iliyokauka, nikaweka rula juu ya chipu: milimita kama 16 kila upande. Chipu ya GTX 280 imefunikwa bati, huwezi kuipima hivyo, lakini ukubwa wake unajulikana, milimita za mraba 576, yaani 24 kwa 24. Nilizichora zote mbili kwenye kipande cha boksi nikakitundika ukutani. Sahani ya silikoni inayokatwa chipu ndogo hutoa nyingi zaidi, na zinazoharibika hazitii hasara kubwa. Kwa hiyo AMD waliweza kuuza rahisi na bado wapate faida, wakati Nvidia walikuwa wamebeba chipu kubwa kama stempu ya barua. Kila mteja aliyeniuliza anunue lini nilimwonyesha mchoro ule. Nilimwambia aache kumtazama anayezindua, amtazame mshindani wake ameshika nini.

Miaka kumi baadaye somo hilo lilijirudia kwa upande wa pili. GTX 1080 Ti ilitoka Machi 2017 kwa dola 699. Waliosubiri hadi Septemba 2018 waliletewa RTX 2080, ambayo kwa gemu za wakati ule haikuizidi kwa mengi, na bei ilianzia palepale 699. AMD hawakuwa na kitu cha kuwabana kwa juu. Mwaka mmoja na nusu wa subira, na kilichoongezeka hasa ni ufundi mpya wa kuchora mwanga, ambao gemu za kuutumia zilikuwa za kuhesabu.

Halafu ikaja Septemba 2020, na hapa nina deni ambalo bado linanikaa moyoni. Tarehe 1 Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, alitangaza kutoka jikoni kwake kwamba RTX 3070 ya dola 499 ingeizidi 2080 Ti, kadi waliyokuwa wakiiuza wenyewe kwa dola 1,199. Duniani kote watu walikimbilia kuuza 2080 Ti zao kwa bei ya kutupa. Mteja wangu mmoja, dada anayehariri harusi, alinipigia: "Kaka, na mimi niuze?" Nikamwambia, "Uza leo, dada, kesho itashuka tena." Akauza.

RTX 3080 ilipoingia sokoni tarehe 17, ilikwisha ndani ya dakika chache. Watu walikuwa wamefungiwa majumbani na janga, viwanda vya chipu vimelemewa, na wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum wakaanza kubeba kila walichokikuta. Ile 3070 ya dola 499 mjomba aliikuta Dubai ikiuzwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Yule dada alirudi kwenye GTX 970 yake ya zamani, akaitumia miaka miwili, akikesha kusubiri video zitoke. Ushauri ulikuwa wangu, usiku wa kukesha ukawa wake.

Mlango ulifunguka Septemba 2022. Tarehe 15 Ethereum iliacha kabisa uchimbaji kwa kadi za grafiki. Siku tano baadaye Nvidia wakatangaza RTX 4090, bei dola 1,599. Kalenda mbili ziligongana wiki moja, na kadi za wachimbaji zikamwagika sokoni. Mjomba hakusema ngoja safari hii. Alituma 3080 tatu kwenye begi la msafiri.

Nilifungua ya kwanza. Pedi za joto zilikuwa zimechuja mafuta hadi kwenye bodi, na vumbi limegandana kwenye mapezi ya alumini. Nilisafisha kwa brashi na spiriti, nikaweka pedi mpya juu ya memori, nikaiwasha usiku kucha kwa video ya harusi ya Tanga. Joto la memori, ambalo awali liligonga nyuzi 110, likatulia kwenye 88.

Nilimpa yule dada kwa bei niliyoichukulia Dubai. Hakuuliza habari za 4090. Aliuliza kama feni zitapiga kelele usiku, maana mtoto analala chumba hichohicho.