Ukikatwa Pesa Mara Mbili, Anza Kulaumu Klabu ya Vitabu ya 1926

Watu wangu, leo tuongee hii maneno ya kukatwa mara mbili. Umejiunga na app ya muziki ama ya sinema, malipo ni ya kila mwezi, halafu siku moja meseji mbili zinaingia zikifuatana, kiasi ni kile kile. Unaandikia kampuni, unajibiwa na roboti. Wengi wetu hapo tunaachana nayo, eti ni mia chache tu. Lakini hizo mia chache zina historia.

Twende New York, 1926. Jamaa wa matangazo anaitwa Harry Scherman na wenzake wanaanzisha Book-of-the-Month Club, klabu ya kuuza vitabu kwa posta. Ujanja ulioifanya klabu hiyo ijulikane ni huu: unatumiwa taarifa ya kitabu kinachokuja, na usiposema hapana kwa wakati, kitabu kinatumwa pamoja na bili. Kunyamaza ni kukubali. Baadaye klabu za sahani za muziki zikaiga. Ile "itajilipia yenyewe hadi uikatae" unayoona kwenye simu yako ni mjukuu wa huo mpango.

Lakini mteja wa enzi hizo alikuwa na nguvu moja ambayo wewe huna: pesa zilikuwa bado kwake. Bili ikija mara mbili, analipa moja, basi.

Kadi ndiyo iligeuza mambo. Septemba 1958, Bank of America ilituma kadi 60,000 kwa wakazi wa Fresno, California. Hakuna aliyekuwa ameomba! Hiyo kadi ndiyo ilikuja kuitwa Visa. Malalamiko yalijaa hadi Marekani ikapiga marufuku kutumia watu kadi wasizoomba, mwaka wa 1970. Kisha 1973 klabu zikalazimishwa kumpa mteja angalau siku 10 za kukataa. Na 1974 ikaja sheria ninayoipenda zaidi: bili ya kadi ya mkopo ikiwa na makosa, una siku 60 za kulalamika kwa maandishi, na hulazimiki kulipa kile kiasi unachobishania mpaka uchunguzi uishe. Yaani mzigo ukahamia kwa mwenye kukudai.

Sasa rudi kwetu. Wengi wetu hatulipi kwa mkopo. Tunalipa kwa kadi ya akaunti yetu wenyewe, au M-Pesa, iliyoanza 2007. Pesa inatoka kwanza, maswali baadaye. Sheria tunazo, si uongo: Kifungu cha 46 cha Katiba kinataja haki za mtumiaji, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema hudaiwi kwa huduma ambayo hukuiomba. Shida ni kwamba wewe ndiye unakimbizana na pesa yako, huku kampuni imeikalia. Kwa maoni yangu, hapo ndipo sheria yetu inafaa kukazwa.

Mara nyingi hata si wizi. Mtandao unakwama katikati, mashine ya kampuni haijui kama pesa imefika, inajaribu tena. Au ulijiunga mara mbili kwa barua pepe mbili (hii ni kawaida kuliko unavyodhani). Kwa kadi, angalia kama moja ya hizo mbili ni pesa iliyoshikiliwa tu. Hiyo huachiliwa baada ya siku kadhaa. Kwa M-Pesa, soma zile herufi na tarakimu 10 zinazoanza meseji. Zikitofautiana, hayo ni malipo mawili, hakuna mjadala.

Andikia kampuni ukiweka tarehe na namba zote mbili, weka nakala, na wakikawia peleka nakala hiyo hiyo benki. Wakikuambia watakupa mwezi mmoja wa bure badala ya pesa yako, una ruhusa ya kukataa.